Mzee Mizani na Barabara ya Tangi la Maji

Watu wengi mtaani walidhani Mizani ndilo jina alilopewa na wazazi wake. La hasha. Alilipata kazini, kwenye mizani ya malori pale njia ya kutokea mjini, alikokaa ndani ya kibanda cha vioo tangu nywele zake zikiwa nyeusi tii mpaka zikawa za kuhesabika. Kazi yenyewe ilikuwa ya kukaa. Lori linapanda kwenye bamba la chuma, namba zinawaka, Mizani anaandika, anagonga muhuri, anapitisha karatasi kidirishani, lori linashuka, jingine linapanda. Madereva walimletea soda na habari za mbali: daraja lililosombwa na maji, mlima ambao ukiupanda usiku injini inalia kama mtoto. Masafa ya nchi nzima aliyajua kwa masikio, na hakuna hata moja alilolijua kwa miguu. Gari la kampuni lilimchukua mlangoni asubuhi, likamrudisha mlangoni jioni.

"Dunia inanifuata mimi," alipenda kujigamba. "Nikaikimbilie ya nini?"

Dunia ilimfuata kweli, ikamkalia tumboni. Siku anaagwa kazini kwa keki na hotuba, hakuweza kuinama kufunga kamba za viatu vyake. Alifungiwa na mkewe asubuhi ile, amepiga goti moja sakafuni, huku akimtania, "Bwana harusi, nyoosha mguu."

Mkewe walimwita Mama Pacha, kwa mabinti wawili aliowazaa siku moja, ambao walikuja kuolewa mji mmoja, mbali na wazazi, wakawa wanaonekana likizo kwa likizo. Alikuwa dobi wa hospitali. Kazi yake ilikuwa mvuke, mashuka na mashine kubwa inayotetemesha sakafu, na kwenda na kurudi alikwenda kwa miguu, jua au mvua. Alikuwa mwembamba, mwepesi wa mwendo, na mdomo wake haukujua maana ya mapumziko.

Miezi michache baada ya kustaafu, Mizani alianguka bafuni kwa kizunguzungu. Hakuumia, ila walikwenda kliniki, na muuguzi aliyempima presha akakitazama kile kipimo mara mbili kama mtu asiyeamini saa yake.

"Mzee wangu, dawa nitakupa," alisema. "Lakini dawa kubwa unayo mwenyewe. Hiyo miguu. Tembea kila siku. Ukikataa kutembea, siku itakuja utabebwa."

Wakiwa njiani kurudi, Mama Pacha akasema, "Umesikia? Na atakayekubeba ni mimi. Mgongo wangu huu simwazimi mtu, Baba Pacha. Kesho alfajiri tunatoka."

Na kesho yake wakatoka kweli. Barabara yao ilianzia nyumbani, ikapita duka la kona, ikapita gereji ya baiskeli, ikavuka daraja dogo, kisha ikapanda taratibu mpaka kwenye tangi la maji la mji, tangi la saruji lililosimama juu ya miguu yake minne. Kwa Mama Pacha tangi lilikuwa pale tu. Kwa Mizani, asubuhi ile ya kwanza, duka la kona lilikuwa ughaibuni. Alifika akihema, kifua kinapiga filimbi, akaushika mlango wa duka uliofungwa kama mtu anayebisha hodi.

"Tumefika wapi?" aliuliza.

"Dukani kwa jirani," mkewe akamjibu. "Ukipiga chafya hapa, nyumbani wanakwambia afya."

Wakacheka wote wawili, japo kicheko cha Mizani kilikatwakatwa na pumzi. Wakarudi. Kutwa nzima alilala akilalamika kuhusu misuli ambayo hakujua kama anayo.

Angeacha siku ya pili, lau si mdomo wa mkewe. Mama Pacha alikuwa na akili ya kumvuta mtu bila kamba. Alitangulia hatua chache, akaegemea nguzo ya umeme akimsubiri, na mumewe akimfikia, alianza kusimulia. Habari za chumba cha kufulia cha hospitali hazikuisha. Yaliyokutwa ndani ya mashuka tu yalitosha kitabu: meno ya bandia, pete, ufunguo wa gari, na siku moja yai bichi, zima, ambalo hakuna mgonjwa aliyekubali kuwa ni lake. Akifika mahali patamu, alinyamaza na kwenda zake hadi nguzo inayofuata.

"Ehe, halafu?" Mizani alipiga kelele nyuma.

"Halafu iko huku. Ifuate."

Hadithi ndefu kuliko zote ilikuwa ya mtunza stoo wa hospitali, mwanaume mkubwa mwenye aibu, aliyempenda mpiga pasi mmoja wa pale dobini na asiyejua la kumwambia. Basi alikuwa anakata kifungo cha koti lake mwenyewe, kisha anakuja kuomba ashonewe. Leo kifungo, kesho kifungo. Hadithi hiyo iliwavusha daraja, ikawapandisha mlima. Mama Pacha aliirefusha kwa makusudi, akiongeza kifungo hapa na mfuko uliochanika pale, kwa kuwa mwendo wa mumewe ulikuwa ukirefuka nayo.

Pumzi za mtu haziji kwa tarumbeta. Zilikuja kimyakimya. Asubuhi moja Mizani alistukia wamepita gereji na hajashika ukuta. Asubuhi nyingine akazungumza huku anapanda. Suruali zikaanza kumvuka, ikabidi mkanda utobolewe tundu jipya, kisha jingine. Siku walipofika chini ya tangi la maji mara ya kwanza, aliligusa guzo lake kwa kiganja, akageuka kutazama nyuma. Duka la kona lilionekana dogo, jekundu, linaloweza kuingia mfukoni. Alishangaa sana. Mahali palipomtoa roho miezi michache nyuma palikuwa pamesogea karibu, na barabara haikuwa imefupishwa hata unyayo mmoja. Umbali ulikuwa kifuani mwake muda wote.

"Nimeweza, mke wangu," alisema.

"Umeweza," alijibu Mama Pacha. Alikuwa amekaa kwenye jiwe, amevua kiatu, anakikung'uta. "Subiri, kuna kijiwe."

Pale pale tangini ndipo alipokutana na Kocha. Huyu alikuwa mwalimu wa michezo mstaafu, mwenye filimbi shingoni hata akienda sokoni, na alikuwa na kikundi cha wazee waliotembea kila asubuhi wakiwa wamevaa kofia na raba nyeupe. Walitoka tangini wakaenda mnara wa simu, na siku za nguvu wakafika hadi uzio wa uwanja wa ndege. Kocha alimtazama Mizani akipanda kile kipande cha mwisho, akampigia makofi.

"Mzee, una mapafu ya kijana! Unapoteza muda hapa chini. Njoo tukuonyeshe barabara."

Mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Maneno yale yalimpanda Mizani kichwani, na kwa mtu aliyekaa kwenye kiti maisha yake yote, kuambiwa ana mapafu ni sawa na kuvishwa taji. Alianza kuamka mapema zaidi. Alianza kuongea lugha ya Kocha, mwendo, pumzi, mapigo, hata mezani. Na alianza kuona kwamba mkewe anachelewa.

Alichelewa kweli. Mwanzoni mwa mlima alisimama. Baada ya daraja alisimama tena. Kila mara ilikuwa kijiwe kwenye kiatu.

"Wewe bwana, barabara nzima inaingia kwenye kiatu chako," Mizani alimwambia, nusu utani nusu hasira, huku akikanyagakanyaga pale pale ili misuli isipoe.

"Tangulia, nakuja."

"Kweli?"

"Tangulia bwana. Ila ujue kutangulia si kufika."

Akatangulia. Siku ya kwanza alimsubiri tangini. Siku nyingine akamsubiri kidogo tu, wenzake wakamwita, akaenda. Baadaye wakakubaliana, au yeye aliona wamekubaliana, kwamba Mama Pacha ataishia darajani na kurudi aende zamu yake. Hatimaye kukawa na alfajiri ambayo alimwona bado amelala, mkono umening'inia nje ya kitanda, akasema moyoni, mwache apumzike. Akavuta mlango taratibu. Asubuhi iliyofuata akauvuta tena. Hakuna aliyetamka kwamba wameacha kutembea pamoja. Jambo lilikufa lenyewe, kama moto usiochochewa.

Hadithi ya mtunza stoo ilikuwa imeishia kifungo cha mwisho. Mizani alikumbuka mara moja kuiulizia, lakini alikuwa anavaa raba, na Kocha alikuwa anapuliza filimbi nje.

Mwaka ulipozunguka, hospitali iliandaa matembezi ya hisani ili kununua vitanda vya wodi ya watoto. Mji mzima ulialikwa. Wafanyakazi waligawiwa fulana za bluu, na kikundi cha Kocha kikaahidi kutangulia wote. Asubuhi ile Mama Pacha alivaa fulana yake, ikamwagika mwilini kama pazia. Alikuwa amekonda, na Mizani aliona, akadhani ni kazi.

"Baba Pacha," alisema akiwa bado amekaa kitandani, "leo tutembee wote. Polepole tu, kama zamani."

"Leo siku ya kikundi, mke wangu. Nimeshawaahidi. Tutakutana mwisho, tutarudi pamoja."

Mama Pacha akakubali kwa kichwa. Hewala haigombi.

Msafara ulitoka kwenye geti la hospitali, ukazunguka mjini, ukashuka darajani ili urudi kwenye uwanja nyuma ya hospitali. Mizani alikuwa mbele kabisa, bega kwa bega na Kocha, mikono inakata hewa. Aliziona nyuso za watu kando ya njia zikimtazama, yeye, mtu wa kibandani, na alitamani barabara isiishe. Kutoka darajani alisikia watu wanapiga kelele nyuma, "Mizani! Mizani!" Akadhani wanamshangilia. Hakugeuka, maana Kocha aliwafundisha kwamba kugeuka kunavunja mwendo. Aliinua mkono juu tu, akaupunga.

Uwanjani alipewa chupa ya maji na kiti chini ya turubai. Akapigwa picha na wenzake. Watu wakaendelea kuingia, makundi kwa makundi, fulana za bluu na za njano, watoto wa shule, na yeye akawa anasimulia jinsi walivyopanda bila kupunguza. Ndipo mpiga pasi, yule yule wa hadithi ya vifungo, mwenzake Mama Pacha kazini, alipofika mbele yake, fulana imelowa jasho, hana maji mkononi wala cheko usoni.

"Mkeo yuko wodini," alisema.

"Wodini anafanya nini?"

"Amelazwa, Mizani. Kaanguka pale barabarani, karibu na daraja. Alikuwa ananiambia, mwiteni, yuko pale mbele, mwiteni. Tumekuita mpaka sauti zimekauka. Ukatupungia mkono." Akamtazama kutoka raba hadi kofia, akageuka kuondoka, na alichokisema akiwa anaondoka hakukisema kwa sauti kubwa, lakini Mizani alikisikia. "Shukrani ya punda ni mateke."

Kutoka uwanjani mpaka wodini hapakuwa mbali. Mtu angeweza kurusha jiwe. Lakini mapafu yote aliyojijengea yalimtoroka pale. Alikimbia kwenye korido akiwa anahema kama siku ile ya mlango wa duka, na milango ya wodi ilikuwa inasogea nyuma kila alivyosogea mbele. Hakuwahi kutembea safari ndefu kama ile, hata uzio wa uwanja wa ndege ulikuwa jirani.

Alimkuta amewekewa hewa puani, amefumba macho. Daktari, binti mdogo aliyeweza kuwa mmoja wa pacha wake, alimweka pembeni akaanza kumuuliza. Moyo wa mama umetanuka, alisema, na si ugonjwa wa jana. Je, alikuwa anachoka akipanda mlima? Miguu ilikuwa inavimba jioni? Alianza lini kusimama njiani kuvuta pumzi?

Mizani alifungua mdomo kujibu. Akaona kijiwe. Akaona kiatu kinachokung'utwa, na hakuwahi kukiona kijiwe kikidondoka.

"Sijui, daktari," alisema.

"Si mnaishi pamoja, baba?"

"Tunaishi pamoja."

Mama Pacha hakufa siku ile. Alitoka hospitali na mfuko wa dawa na makatazo mengi: asibebe ndoo, asipande mlima, asirudi dobini. Mabinti walikuja mmoja baada ya mwingine, wakakaa wiki, wakalia jikoni, wakarudi kwa waume zao. Mizani alizitupa raba juu ya kabati. Kila jioni, jua likishapoa, alimshika mkewe mkono wakatoka kunyoosha miguu, mpaka getini, na siku nzuri mpaka kwenye benchi la jirani wa nyumba ya tatu.

Hapo ndipo alipogundua jambo ambalo Kocha hakuwahi kumfundisha. Kutembea polepole ni kazi ngumu. Miguu yake iliyozoea kukata barabara ilikuwa inamkimbia. Alijikuta yuko mbele hatua mbili, anasimama, anarudi nyuma kwa aibu, anaanza tena.

"Unanisindikiza kama askari aliyemkamata mwizi wa kuku," Mama Pacha alimtania. Hata ugonjwa haukumnyamazisha. "Nenda zako, utachelewa."

"Nichelewe wapi?"

"Huko ulikokuwa unakwenda."

Hakulisema kwa uchungu, na ndiyo maana lilimchoma. Angekuwa mwanamke wa kununa, Mizani angejua pa kuanzia kuomba radhi. Lakini mkewe hakuwa amenuna. Alikuwa amezoea tu. Katika zile asubuhi za kuachwa alijifunza kukaa peke yake na chai yake, na sasa mumewe aliporudi alimkaribisha kwa adabu, kama mtu anayemsogezea mgeni kiti.

Jioni moja, wakiwa kwenye benchi la jirani, alijikaza.

"Mama Pacha, ile hadithi ya mtunza stoo hukuimaliza. Vifungo viliisha, halafu?"

Mkewe alifikiri kwa muda, akiwa ameuma mdomo kidogo, kama mtu anayetafuta ufunguo katika pochi. Kisha akatikisa kichwa.

"Nimesahau bwana," alisema. "Nilikuwa naipika kadiri tunavyokwenda. Ile ilikuwa ya njiani."

Watoto walikuwa wanapiga mpira wa makaratasi barabarani. Baadaye Mama Pacha akasema baridi inaingia, wakarudi, na katika ile safari ya nyumba tatu walisimama mara mbili. Safari hii hakusingizia kitu kwenye kiatu. Alisimama tu, akashika kifua, na Mizani akasimama naye, akimhesabia pumzi zake kimoyomoyo kama alivyokuwa akihesabu zake.

Mama Pacha alifariki mwanzoni mwa msimu wa mvua, mchana, wakati Mizani yuko uani anaanua nguo. Walipomzika, mpiga pasi alikuja na wenzake wote wa dobini, wakaimba. Mizani alimwona amekaa kwenye mkeka, hatua chache kutoka kwake. Angeweza kumuuliza kama kweli kulikuwa na mtunza stoo, na kama kulikuwa na vifungo. Hakumuuliza. Alihofia kupewa mwisho wa hadithi na mtu asiye mkewe.

Kilichomtesa baadaye ni afya yake mwenyewe. Presha ilikuwa imeshuka, magoti hayaumi, alfajiri mwili unamwamsha wenyewe kama jogoo. Mabinti walipokuja kumwangalia walimsifu, "Baba, umekuwa kijana!" naye akatazama pembeni. Kila pumzi nzuri aliyovuta alijua imetoka kwa nani. Alijaribu kubaki kitandani akashindwa, basi akawa anatoka peke yake na kupanda barabara ya tangi. Barabara ilikuwa imerefuka. Alifika tangini bila jasho, lakini safari yenyewe haikuisha. Kila kipande kilikuwa kirefu kuliko kilichotangulia, na hapakuwa na mtu wa kumwambia "halafu". Kuna asubuhi aliishia darajani akarudi, na si kwa kuchoka.

Kocha alimkuta hapo darajani siku moja, ameegemea ukingo. Akampa pole nyingine juu ya zile alizokwisha kumpa, akasimama naye kidogo, filimbi yake imetulia kifuani.

"Mizani, nina jambo," alisema. "Kliniki wametuletea watu wapya. Wazito, wagonjwa wa presha, wengine hata kona hawafiki. Nahitaji mtu wa kuwaongoza, mtu aliyeanzia chini akapanda. Nikamwambia muuguzi, mtu ni Mizani. Nani ana pumzi kama zako?"

Mizani aliyatazama maji yaliyopita chini, machache, ya kahawia.

"Tafuta mwingine, Kocha."

"Kwa nini? Unatembea vizuri kuliko sisi sote."

"Natembea," alisema Mizani. "Kutembea na watu ndiko sijui."

Kocha akamgusa bega, akaendelea na mlima, na baada ya muda filimbi yake ikasikika huko juu ikiwaita wenzake. Mizani alibaki pale mpaka wanafunzi walipoanza kupita kwenda shule, kisha akashika njia ya kurudi nyumbani.